Nguchiro, Fisi na Mtumbwi Usio na Kafi

— Paukwa!

— Pakawa!

— Nikiwatupia ngano, mtaidaka?

— Tutaidaka!

— Kwa mkono mmoja?

— Kwa yote miwili!

— Na atakayeanguka?

— Tutamcheka!

Haya, kaeni. Wewe Tabu, sogea, usimkalie mwenzio mguu. Na nyie huko nyuma acheni kusukumana. Habari ya leo yenyewe ni ya kusukumana, kwa hiyo subirini kwanza mjue namna yake.

Hapo kale palikuwa na bwawa. Maji yake yametulia kama maji ya mtungini. Kina chake hakuna upondo uliokifikia. Na mle bwawani alikaa Mamba. Kwa hiyo huogi, huogelei, hutii hata kidole. Ukitia kidole, unatoa kigutu.

Ng'ambo ya bwawa aliishi Bi Nguchiro na watoto wake mapacha, wachanga, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Maziwa yakamkauka mama wa watu. Akanyonyesha, hakuna. Akanywa uji, hakuna. Akatafuna kila jani aliloambiwa, hakuna. Watoto walikuwa wanalia mpaka sauti zinakatika. Akawaacha kwa jirani, akapanda mtumbwi, akavuka kwenda kwa kaka yake.

Kaka hakuuliza mengi. Akampa mbuzi jike, kiwele kimejaa. Akampa na maboga, makubwa na madogo.

"Mvushe mbuzi leo hii, dada. Wapwa zangu hao hawawezi kungoja kesho."

Sasa nisikilizeni. Ukoo wa Nguchiro na ukoo wa Fisi ni watani. Utani mnaujua? Mtani atakutukana msibani. Atakuvua kofia harusini. Ataingia ndani ya kaburi mlilochimba, alale humo, asitoke mpaka mumpe kuku. Na wewe unacheka tu. Mtani hanuni. Akinuna amekwisha, atazomewa yeye na ukoo wake mzima.

Basi Bi Nguchiro kafika ukingoni, kapakia maboga, kapakia mbuzi, kaketi. Nani huyo anakuja na meno yote nje? Fisi!

"Mtani!"

"Naam, mtani!"

"Umechoka, mtani wangu. Ngoja nikusukume."

Akainama, akashika mtumbwi, akausukuma, puuu! Mtumbwi ukateleza, ukateleza, ukasimama. Bi Nguchiro akapapasa kafi. Hakuna. Akapapasa chini ya mbuzi. Hakuna. Akageuka. Fisi kasimama ukingoni, kafi kaliweka begani.

"Utani, mtani!" Fisi akasema. "Ukilitaka kafi, nipe mbuzi."

"Nami nirudi vipi huko kukupa mbuzi, bila kafi?"

"Msukume majini, nitamvuta kwa pembe. Usipotaka, kaa hapo. Nina kivuli huku. Wewe una jua."

Mnacheka? Bi Nguchiro naye alicheka, kwa kuwa mtani hanuni. Lakini moyoni alikuwa analia, nami sitawaficha. Watoto wake wako ng'ambo na njaa. Maziwa anayo, yamefungwa ndani ya mbuzi. Kupiga maji kwa mikono hawezi, Mamba yupo. Upepo haupo. Mtumbwi umetulia palepale, kando ya yungiyungi moja lililochanua.

Akafikiri: ngoja nimtulize huyu mlafi. Akachukua boga dogo.

"Mtani, pokea kwanza hiki kitafunio!"

Akalitupa. Fisi akalidaka. Lakini Bi Nguchiro hakuwa anamtazama Fisi. Alikuwa anatazama yungiyungi. Mwanzo lilikuwa ubavuni mwake. Sasa limebaki nyuma kidogo, upana wa kiganja.

Ha! Nani kalisogeza ua? Hakuna. Ua lina mzizi. Aliyesogea ni yeye.

Akachukua boga jingine, dogo vilevile, ila safari hii akalivurumisha kwa nguvu zake zote. Boga likaenda mbio, mtumbwi ukarudi zaidi. Akasema, ahaa. Akachukua boga kubwa, lile la kubebwa kichwani. Akaegemeza miguu, akalivurumisha. Mtumbwi ukaondoka!

Mmeona mchezo huo? Boga dogo kwa upole, mtumbwi unatikisa kichwa. Boga dogo kwa mbio, unasogea. Boga zito kwa mbio, unakwenda. Anachokipa boga kwenda kule, boga linampa yeye kwenda huku. Hakuna kinachopotea njiani.

Na Fisi je? Boga zito lilimpata kifuani. Akalikumbatia, akateleza nalo topeni, akakaa kitako.

"Mbona unanipiga, mtani?"

"Si unadaka vibaya! Nikutupie na wimbo?"

"Nitupie!"

Bi Nguchiro akaimba. Imbeni naye:

*Boga rudi kwa mtani,*
*mie niende nyumbani!*

Fisi, huyo juha, akapiga makofi. Aliona ni utani. Boga likaja, akadaka, akakaa kitako.

*Boga rudi kwa mtani,*
*mie niende nyumbani!*

Boga likaja, likaanguka miguuni pake. Halikumfikia kifua.

*Boga rudi kwa mtani,*
*mie niende nyumbani!*

Boga likaja, likaanguka majini, chubwi! Fisi akakunja uso.

"Mtani, mbona mkono wako umelegea?"

"Nimechoka, mtani, jua kali!"

"Na mbona umekuwa mdogo hivyo?"

"Njaa, mtani. Njaa inanipunguza."

Fisi akatazama maboga yaliyomzunguka. Akatazama bwawa. Akatazama mbuzi, kawa mdogo kama panya. Hapo ndipo akili yake, ambayo siku zote hufika baada ya tumbo, ikafika.

"Anaondoka! Mbuzi wangu anaondoka!"

Mbuzi wake! Hebu msikieni.

Lakini msifurahi mapema. Maboga yalikwisha. Maji nayo yana ukaidi, yanaukwaruza mtumbwi tumboni, yanaula mwendo kidogo kidogo. Mtumbwi ukapunguza. Ukapunguza. Ukasimama. Ufuko wa kwao huo hapo, anasikia mpaka harufu ya moshi wa majiko, ila hafiki. Na kutoka nyumba ya jirani akasikia sauti mbili nyembamba. Ni watoto wake.

Hana boga. Hana kafi. Ana mbuzi tu. Na mbuzi hatupwi.

Nyuma kule Fisi akauburura mtumbwi wake, uzito sawa na ule wa mtani. Akaruka ndani na lile kafi la wizi. Chapu, chapu, chapu! Anakuja.

Mwingine angeomba msamaha. Bi Nguchiro alitazama mtumbwi unaokuja nyuma yake, akatazama ufuko ulio mbele yake, akaanza kutabasamu. Nyie mnaocheza gololi, mmeshaelewa. Wengine tulieni.

Akasimama, mikono kiunoni.

"Mtani! Hivyo ndivyo mnavyopiga kafi kwenu? Mama yako alikuwa anakoroga uji kwa haraka kuliko hapo!"

Fisi akaongeza. Chapu chapu!

"Mtani! Matako yamekuzidi uzito, au ni yale maboga?"

Fisi akaongeza. Chapu chapu chapu!

"Mtani! Mbuzi anauliza, huyo anayekuja ni fisi au ni gogo limebebwa na maji?"

Wee! Fisi akasahau utani, akasahau adabu, akasahau na Mamba. Akasimama wima ndani ya mtumbwi, kafi juu, povu mdomoni, mtumbwi unakata maji kama wembe. Bi Nguchiro akajilaza chini chali, akamkumbatia mbuzi shingoni, akafumba macho.

GBA!

Mtumbwi wa Fisi ukasimama. Pale pale, ti! Mtumbwi wa Bi Nguchiro, uliokuwa umesimama, ukatoka mbio mpaka mchangani, nao haukukwama kwenye maji, ulipanda kabisa nchi kavu. Zile mbio za Fisi zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Zilihamia. Alizichuma kwa jasho lake mwenyewe, akamkabidhi mtani wake.

Na Fisi mwenyewe? Mtumbwi ulisimama, yeye nani kamwambia asimame? Alikuwa wima, hakushika chochote. Akaendelea na safari peke yake, hewani, na kafi lake mkononi, akipepesa macho. Chubwiii!

Mamba akafumbua jicho moja.

Sitawaeleza yote. Fisi alitoka majini upande wa kina Bi Nguchiro, anachechemea, miguu ya nyuma imemfupika kuliko ya mbele, kama mnavyomwona mpaka leo. Wanyama wote wamejaa ufukoni, majirani, wapita njia, na watani wengine. Wanangoja waone kama atanuna.

Bi Nguchiro keshashuka, keshamvuta mbuzi, keshachuchumaa anakamua, watoto wake wawili wamelala mapajani, maziwa yanawachuruzika kidevuni. Hakugeuka hata kumtazama. Akasema tu, taratibu:

"Utani, mtani."

Fisi akatazama miguu yake. Akatazama watu. Machozi yakamjaa. Na kwa kuwa mtani hanuni, akafungua mdomo, akacheka.

Anacheka mpaka sasa, mnamsikia porini. Msidhani amefurahi.

Hapa naishusha ngano yangu. Aliyeipenda aende nayo kwao, aliyeichoka aiache hapa mkekani niifagie asubuhi, na aliyesinzia katikati asije kuniuliza Mamba aliuma wapi. Inukeni, mkalale.