Bi Sikudhani na Mizizi Inayowasha

Paukwa, wenye njaa!

— Pakawa, tupakulie!

Nawapakulia. Zamani hizo, babu wa babu zetu walipokuwa hawajaonja gimbi, palikuwa na kijiji. Mvua iligoma. Mtama ukakauka, ghala zikabaki na buibui. Kina mama walitwanga makapi, twa, twa, twa, ili watoto wasikie mchi wakalale na matumaini.

Kijiji kilikuwa na Jumbe Limbende. Jumbe huyu alijua kila kitu. Ukimwambia ng'ombe kazaa, alikuwa anajua. Ukimwambia si ng'ombe, ni mbuzi, alikuwa anajua pia.

Na palikuwa na bibi mmoja, Bi Sikudhani. Yeye, asilolijua, alisema: "Sijui." Wazee wa baraza walimcheka. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anasema sijui!

Basi akaja mgeni, mfinyanzi wa kule bondeni. Aliwahi kuugua njiani, wanakijiji wakamuuguza. Sasa alirudi na ndugu zake kutoa shukrani. Vikapu kwa vikapu vya mizizi mikubwa, myeusi, yenye manyoya kama kichwa cha mzee.

"Mnajua kuipika?" akauliza mgeni.

Jumbe akacheka. "Unamuuliza nani? Mimi?"

Mgeni akaona amekosa adabu. Akaomba radhi, akaaga, akaenda zake.

Wazee wakakaa. Wakaitazama mizizi. Mizizi ikawatazama.

"Chakula cha heshima," akasema Jumbe, "huliwa kibichi."

Kacha! Akang'ata. Kacha! Kacha! Wazee nao wakang'ata.

Lo! Ulimi ukawasha. Koo likawasha. Midomo ikavimba ikawa kama maandazi.

"Tamu?" akauliza Jumbe.

"Tamu thana, Jumbe," wakajibu wazee.

Bi Sikudhani naye alionja, akatema. Ptu! "Inawasha hii. Sijui inaliwaje. Jumbe, wewe unajua?"

"Najua."

"Na hayo machozi?"

"Ya furaha."

Kulipokucha, Jumbe hakuweza kumeza hata mate. Akatangaza: mgeni ni mchawi, mizizi yote itupwe mtoni! Kina mama wakajitwika vikapu. Lakini njia ya mtoni ilipita kwa Bi Sikudhani, na vikapu vilifika mtoni vitupu.

Bi Sikudhani akachukua mkongojo. Mzee mmoja akamzuia mlangoni. "Bibi mzima, uende ugenini kuulizia mapishi? Utatuaibisha!"

"Aibu nitaibeba mimi. Wewe nibebee huyu mjukuu wangu anayelia njaa."

Mzee akapisha.

Akashuka bonde, kongo, kongo, kongo. Goti likimuuma, akakaa. Likipoa, akainuka. Akamkuta mgeni akikanda udongo.

"Mwanangu, nimekuja unifundishe kupika."

"Shikamoo, bibi! Mbona Jumbe alisema anajua?"

"Marahaba. Jumbe anajua mengi. Hili halimo."

Mfinyanzi akacheka hadi udongo ukamponyoka. Kisha akamfundisha. Osha tope. Chemsha na maganda yake, uchemshe sana, mpaka kijiti kizame chenyewe. Maji yale mwaga. Menya, tia chumvi, kula. Na vichwa vyake usitupe, uvipande penye majimaji.

Bi Sikudhani akarudi, akainjika chungu. Toko, toko, toko! Watu wakasimama mbali, wameshika midomo. Akamenya gimbi la kwanza, jeupe, linatoa moshi. Akala yeye, wakimtazama koo. Akatulia. Halafu akamwita mjukuu wake, akampa. Mtoto akala kimya, akanyoosha mkono tena.

Hapo hapakuwa na mbali wala karibu. Watu walikivamia chungu!

Harufu ikamfikia Jumbe. Akaja, eti kukagua. Akakagua gimbi moja. Akakagua la pili. Akakagua mpaka akalegeza mkanda. Kisha akapanda juu ya kinu, akasema:

"Watu wangu, nilikuwa nawajaribu tu! Mapishi haya nilikuwa nayajua."

Wazee wakapiga makofi.

Mama mmoja akamnong'oneza Bi Sikudhani: "Hukasiriki?"

"Nikasirike na kazi ipo? Mwambie ashuke kwenye kinu, watu wanakihitaji."

Miaka ikapita. Bi Sikudhani akafariki. Jumbe akatoa hotuba ndefu kaburini, jinsi alivyomfundisha marehemu kupika. Aliongea, akaongea, hata alipoinua macho akaona wamebaki yeye na wazee wake. Watu wote walikuwa kijitoni, matope hadi magotini, wanapanda magimbi, na kila mama akimwonyesha mwanawe: kichwa hiki unakishika hivi, Bi Sikudhani alituonyesha.

Nanyi mnaonisikiliza, usilolijua liulize, mdomo wako ukiwa bado mzima.

Chungu nimekiepua. Hadithi yangu imeishia hapo.