Ngiri Aliyedai Pumzi za Watu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Mwamba!

Mwamba wenye nini?

Matundu manne!

Haya, tegeni masikio. Kuuzunguka mwamba ule ni mwendo wa nusu siku, lakini matundu yake manne yaliteremka toka huku hadi kule. Ukisema huku, unasikika kule. Na desturi ilikuwa moja: aliyeshika tundu haondolewi mpaka amalize.

Bi Pimbi, mdogo wa umbo, alichuma majani upande wa huku. Wanawe waliota jua upande wa kule.

“Wanangu, hamjambo?”

“Hatujambo, mama!”

Moyo wake ukatulia.

Akaja Ngiri. Shamba lake la miwa liko huku, ghala liko kule. Akasukuma miwa mirefu, mmoja nyuma ya mwingine, kwaruu, kwaruu! Akashika tundu la kwanza. Akashika la pili. Akashika la tatu. Akashika la nne.

Kwale akaja. “Mjomba, nipishe.”

“Nikimaliza.”

Nungu akaja. “Mjomba, nipishe.”

“Nikimaliza.”

Bi Pimbi akainua macho. Lahaula! Tai anazunguka juu ya upande wa kule, anashuka, anashuka. Akakimbilia mwambani. “Mjomba, nipishe! Wanangu!”

“Nikimaliza.”

“Utamaliza lini?”

“Nikimaliza!”

Bi Pimbi alitaka kulia. Badala yake akatikisa kichwa. “Masikini mjomba wangu, unavyopunjwa!”

Kwaruu ikakoma. “Nani ananipunja?”

“Wasemaji. Kila msemaji husita avute pumzi. Akisita, tundu ni tupu. Utupu ule anaufaidi nani?”

“Ni wangu!”

“Wako, mjomba, ila utaupataje? Hakuna anayesema! Ungekata miwa pingili pingili, ukatia alama ipi ya kwanza, ipi ya pili, ungepenyeza kila wakivuta pumzi.”

Ngiri akachomoa miwa, chopo, chopo! Akakata kwa pembe zake, ka! ka! ka! “Semeni basi! Semeni upesi, nataka pumzi zangu!”

Bi Pimbi akaruka tunduni. “Wanangu!”

Puu, pingili ikapita.

“Tai huyo!”

Puu, pingili.

“Ingieni pangoni!”

Vuuu! Tai akatua. Kwa! Kucha zikakwaruza jiwe tupu.

“Tumo ndani, mama! Sote!”

Bi Pimbi akawapisha wengine. Kwale akasema, Nungu akasema, na pingili zikapita kati ya maneno yao, puu, puu, puu. Ngiri akazunguka kwenda kukagua. Akakuta pingili zimechanganyika. Akazipanga kwa alama, kila muwa ukawa mzima, haukupungua hata kipande. Na salamu zote zimefika, hakuna iliyokwaruzwa. Habari ikapita tunduni hadi huku.

Wanyama wote wakanyamaza, wakautazama mwamba. Aliyeshangaa kuliko wote ni Bi Pimbi. Yeye alitunga uongo ili aokoe wanawe. Hakujua kwamba ndani ya pumzi moja kuna nafasi kubwa kiasi kile. Akaweka kiganja juu ya jiwe.

“Mbona mmenyamaza?” Ngiri akafoka tunduni kutoka kule. “Semeni! Mnanitia hasara!”

Basi wanangu, funzo ni hili: msigawane kitu na mtu. Kuweni wachoyo, tena wachoyo kwelikweli, majirani wapate raha.

Hadithi nimeitua hapa. Iliyomkera aibebe, iliyompendeza amwachie jirani.