Kiapo cha Msimamizi wa Ukuta

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji wa Qasriya palikuwa na mja mwema, Thaubani bin Sahli, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa msimamizi wa ukuta wa mji. Mila yao ilikuwa kwamba kila mwaka, Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno, msimamizi husimama msikitini baada ya sala, akaapa na kueleza hali ya ukuta, upande kwa upande. Mgeni hakuzuiwa kusikiliza.

Zama hizo jirani yao, mfalme wa Zabarani, alikuwa ameota mapembe. Mwaka wa kwanza alitwaa malisho yao, wa pili visima viwili. Wa tatu akaleta mjumbe mwenye tabasamu na haluwa, eti aje kusali na majirani.

Asubuhi ya Ijumaa ya kiapo, Amiri, mtawala wa mji, alimwita Thaubani.

“Sheikh, ukuta wa mashariki ukoje?”

“Umeoza ndani, Amiri. Mvua imekula udongo, imebaki chokaa ya nje. Nimekuarifu mara mbili.”

“Leo utaapa kwamba ni mzima. Mjumbe akisikia, bwana wake atatuogopa. Katika vita hila imeruhusiwa.”

“Hila ni kwa adui, Amiri. Kiapo changu wanakisikiliza wenyeji.”

“Basi mji ukianguka, damu yao iko shingoni mwako.”

Thaubani akatoka na hofu, wala hakujidanganya kwamba hana. Binti yake na wajukuu wanne walikaa chini ya ukuta ule ule. Akisema kweli, huenda akawaitia jeshi. Akiapa uongo, atakutana na Mola wake na jina Lake kalitumia kufunika ufa. Alisali akilia, kisha akasimama mbele ya watu.

“Wallahi,” akasema, “upande wa mashariki umeoza. Anayelala chini yake hana kinga.”

Amiri akamvua usimamizi pale pale. Lakini watu hawakungoja amri ya mtu. Kabla ya alasiri walikwisha shika majembe na karai, na Thaubani miongoni mwao akibeba udongo kama kibarua yeyote.

Mjumbe, akiondoka, alisimamisha farasi mbele yake.

“Sheikh, ukuta huu tuliujua tangu masika. Watu wetu waliuchoma kwa mkuki, ukazama mpaka mpini. Nilitumwa kusikiliza kama wenyewe mnajua. Nakwambia kwa kuwa sasa kuficha hakuna faida.”

Ukuta ulipokwisha kujengwa, jeshi la Zabarani lilifika hadi visimani, likautazama ukuta mpya siku mbili, likarudi. Thaubani hakurudishiwa cheo chake, wala hakukiomba.

Enyi ndugu, tuyatafakari haya. Uongo ule, lau ungeapwa, usingemficha adui jambo lolote. Ungewaficha ukweli wajukuu wanne waliolala chini ya ukuta.