Sakafu Isiyokanyagwa

Hapo zamani, katika mji wa Mwandamo, alitawala Sultani Mwinyihija, mtu mkarimu wa chakula lakini mwenye makuu kupita kiasi. Basi mwaka mmoja akaazimia kuutengeneza upya ukumbi wake wa karamu: kuta zipakwe chokaa, dari itiwe boriti mpya, na chini ipigwe sakafu ambayo mji haujapata kuiona. Akamwita Athmani, fundi stadi kuliko wote, akamwambia, "Nataka sakafu isiyokanyagwa na mguu wa mtu ila wangu. Atakayeikanyaga, gerezani."

Maskini Athmani akafanya kazi mwezi mzima. Siku ya kukabidhi, Sultani akaona alama ya kisigino karibu na ukuta. Kisigino cha nani, kama si cha fundi? Ikawa sakafu imebomolewa yote, na Athmani ametiwa pingu.

Athmani alikuwa na shemeji yake, Mshamu, fukara asiye na kazi maalumu ila maneno. Dada yake Mshamu akamjia akilia, "Kaka, mume wangu anaozea gerezani kwa ajili ya kisigino!" Mshamu akahuzunika sana, maana alimpenda shemeji yake, na alipenda mno kula kwake. Akaazima kanzu, akaenda kwa Sultani.

"Seyyidi yangu," akasema, "mimi nitaipiga sakafu hiyo. Ila naomba amri yako iandikwe na kadhi aishuhudie, nisije nikasahau hata neno moja."

Sultani akapendezwa na adabu hiyo. Basi ikaandikwa: sakafu isikanyagwe na mguu wa mtu yeyote ila wa Sultani, na atakayeikanyaga afungwe kama alivyofungwa Athmani.

Mshamu hakuwahi kushika mwiko wa uashi maishani mwake. Alitandaza mbao, akalala juu yake kifudifudi, akawa anamwaga chokaa na kokoto na kupiga kwa kigongo huku akirudi nyuma kidogo kidogo, hata akatokeza mlangoni miguu kwanza, mweupe kutoka utosini hadi unyayoni. Sultani akaikagua sakafu, akatafuta kisigino, akakosa. Kwa furaha akawaalika wakuu wote wa mji.

Siku ya karamu wageni wakafika, wakavua viatu, na waziri akainua mguu aingie.

"Taratibu, bwana waziri!" akasema Mshamu. "Gerezani bado kuna nafasi."

Kadhi akaifunua karatasi, akaisoma, kisha yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili. Wapishi nao wakaganda mlangoni na masinia ya pilau, hapana aliyethubutu. Ikawa Sultani ndiye aliyetandika mikeka, akabeba masinia moja moja, jasho likimchuruzika chini ya kilemba, kisha akaketi peke yake mbele ya pilau ya watu sitini.

Mkewe, Bi Mwanakheri, akamwita kutoka kizingitini, "Na kufagia je, bwana? Nikuletee ufagio?"

Watu wakauma midomo wasicheke.

"Mshamu!" Sultani akafoka. "Umenifunga ndani ya nyumba yangu!"

"Sikuongeza neno, Seyyidi. Yote ni yako."

"Basi naifuta amri!"

"Kwa wageni tu, au kwa watu wote?"

"Kwa watu wote! Huoni pilau inapoa?"

"Ikiwa amri haipo tena, Seyyidi," akasema Mshamu, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha, "Athmani yumo gerezani kwa kosa gani?"

Sultani akaona haya mbele ya mkewe na wageni wake, nayo ilimstahili. "Mfungueni," akasema. "Aje ale nasi."

Athmani akaletwa, amekonda, ndevu zimemjaa. Watu wakamsogezea sinia, asilitazame. Akachuchumaa, akaipapasa sakafu kwa kiganja, uso ukamkunjamana.

"Nani kaipiga hii?"

"Mimi, shemeji," akasema Mshamu.

"Mabonde yote haya! Shemeji, hata banda la mbuzi halipigwi hivi."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Kesho ibomoe, Athmani, uipige upya," akasema, "na ukanyage popote upendapo."