Jaruba la Kwanza Kupona

Sogeeni karibu. Nina watu watatu na jaruba moja la mpunga, na nawaambia mapema kwamba kuamua nani alipate kumenishinda mimi mwenyewe.

Watu hao waliishi Tanurini, kijiji cha wachoma chokaa. Mwanaheri alijua kukadiria: akitazama chungu jikoni atakwambia kitashibisha wangapi, na kweli watashiba. Kombo alijua kuuliza. Mpe hesabu yoyote, ataona kilichosahaulika, ndiyo maana hakualikwa sana harusini. Shomari, mchoma chokaa hodari kuliko wote, alijua kunyamaza. Hakuwahi kusema jambo likaja kuwa uongo, basi akifungua kinywa watu humwamini.

Kwa miaka mingi Tanurini walikata mikoko wakachomea matumbawe hadi yawe chokaa. Mikoko ikaisha, bahari ikapanda, maji ya chumvi yakaingia mashambani na mpunga ukaanza kunyauka. Jumbe wao, Bi Rehani, akawaita watu wote.

"Tukizima matanuri, mikoko itarudi," alisema. "Lakini kuzima kutatugharimu nini?"

Pale Tanurini ni mwiko kutaja chokaa itakayopatikana kabla tanuri halijapoa. Zamani watu walitaja nyingi ili wapate wanunuzi, wakaumbuka. Mwiko huo ukaenea hadi hesabu yoyote ya siku zijazo, kwa hiyo kila aliyeulizwa ya mbele aliinamisha kichwa. Mnunuzi wa chokaa, ambaye ni mgeni, alisema, "Mkizima mtakufa njaa." Shemeji yake Jumbe, aliyependa kumfurahisha, akasema, "Hatutapoteza hata kibaba." Hakutaja kiasi, basi mwiko ulibaki mzima.

Mwanaheri akasimama, akauvunja mwiko.

"Tutapoteza. Kwa miaka minne kila nyumba itapika nusu ya inachopika leo. Mwaka wa tano mashamba yataanza kupona. Tusipozima, hapatakuwa na shamba la kupona. Naweza kukosea kidogo, ila si sana."

Walimzomea. Mama yake alijifunika uso kwa aibu, na jambo hilo lilimuuma Mwanaheri kuliko kelele zote.

Akasimama Kombo. "Dada, umehesabu kana kwamba tanuri likizimwa watu watakunja mikono. Watavua kaa, watasuka makuti. Hasara itapungua." Watu wakatabasamu. "Tena umewasahau wajane wanaobeba mawe ya tanuri. Wao hawana nyavu wala shamba. Nusu chungu kwetu ni chungu kitupu kwao."

Tabasamu zikaisha. Mwanaheri alifikiri, akakubali, akakadiria upya palepale: kila nyumba itapungukiwa robo, na ndani ya robo hiyo mna chakula cha wajane.

"Kumbe yanabadilika," mnunuzi alicheka. "Nani aamini maneno ya namna hiyo?"

"Mimi," alisema Shomari. "Yamebadilika mbele yetu, na tumeona kwa nini. Nitazima tanuri langu kwanza. Chungu changu kitakaa wazi mlangoni, mje mkitazame."

Mke wake alilia kwa hasira, naye hakumlaumu. Mwaka mzima watu walipita wakichungulia chungu chao bila haya. Kilipungua robo na kidogo zaidi. Kwa hicho kidogo, Mwanaheri alisimama hadharani akasema amekosea. Hapo ndipo wengine wakazima matanuri yao, na wajane wakalishwa kama walivyopatana.

Ilikuwa miaka migumu, lakini mikoko ilirudi, chumvi ikapungua, na jaruba moja likapona kabla ya mengine. Ni dogo, ukiligawa halimfai yeyote. Bi Rehani akasema litakuwa la yule aliyelirudisha.

Mama yake Mwanaheri, safari hii uso wazi, alisema, "Bila mwanangu, nani angethubutu kutaja?"

Wajane wakasema, "Bila Kombo, tungekuwa makaburini."

Mke wa Shomari alileta chungu kile cha mlangoni, akakiweka katikati ya watu, akarudi kukaa.

Wenyewe watatu walitazamana, na kila mmoja alikuwa na njaa ya kweli.

Bi Rehani ameshika jembe la kupiga udongo wa kwanza. Mbegu zimelowekwa tangu juzi, zimekwisha kuchipua, haziwezi kungoja tubishane hadi kesho. Wewe uliyekaa hapo, lipokee jembe hilo. Unamkabidhi nani?