Mkude na Kivuli cha Mfenesi

Mtu mmoja, jina lake Mkude, alikuwa na mfenesi uani kwake. Aliupanda babu yake, nao ukakua hata ua mzima ukawa kivuli. Chini yake mkewe, Mama Sikudhani, alipanda iliki na magimbi, mimea isiyopenda jua kali. Kila alasiri wanaume wa kitongoji walileta vigoda vyao hapo, wakanywa chai, wakadanganyana. Fenesi likikuangukia begani, hulalamiki. Unashukuru kwamba halikukupata kichwani.

Basi ukaja upepo, mfenesi ukalala chini. Mkude alilia. Simcheki kwa kulia. Mti wa babu si mchicha.

Namcheka kwa alichofanya baadaye. Alitangaza kwamba pale ni mahali pa kivuli na hapabadiliki. Iliki zilipoanza kuungua jua, akazifunika kwa kanga za mkewe, moja baada ya nyingine, hata mama wa watu akaenda harusini amejifunga shuka. Magimbi akayawekea mwavuli. Kisha akapanda mche wa mfenesi palepale, mche wenye majani manne, akaweka kiti chake ubavuni pake. Jua likigeuka, naye anageuza kiti, anafukuzia kivuli kisichotosha kufunika kikombe.

Mama Sikudhani alitaka palimwe. Jua limejileta lenyewe, panafaa nyanya, panafaa bamia. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na mboga ya nyumba ile ilitoka uani. Zikipita hivihivi, watoto watakula ugali na chumvi. Alisema mpaka akachoka. Mkude akamwuliza kama anataka kumzika babu mara ya pili.

Na majirani je? Hao ndio wabaya zaidi. Kwetu mgeni hasemi kwamba kiti kinamchoma. Walikuja, wakaketi juani, jasho likiwashuka ndevuni, wakasema ah, hapa bado pana upepo mzuri. Waongo wakubwa! Kisha mmoja akawa na mgonjwa wa kumtazama, mwingine mbuzi wa kufunga, na vigoda vikazidi kupungua. Hakuna aliyempenda Mkude kiasi cha kumwambia kweli.

Siku moja akaja Mzee Kobelo, baba yake Mama Sikudhani, amevaa koti zito la heshima. Mtu mzima havui koti kwa mkwewe, wala haombi kuhamishwa kiti. Akaketi juani. Mkude akammiminia chai, akausifu ubaridi wa mahali pale. Mzee, maskini, akajibu kwamba kweli, hata kifua kinaanza kumbana kwa baridi, na jasho lake likadondokea kikombeni.

Ndipo Mama Sikudhani alipotua birika chini. Uvumilivu ulikuwa umemwisha. Akasema mbele ya baba yake, "Baba Sikudhani, huo mti unaotukalisha chini yake ndio uliochemsha chai unayokunywa."

Mkude akatazama kikombe. Akatazama jikoni, ambako kuni za mfenesi zilikuwa zikiwaka vizuri sana. Kisha akatazama juu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya upepo akaona kwamba hapana kitu. Mzee Kobelo hakungoja jibu. Alivua koti, akabeba kiti chake, akakimbilia kibarazani, na majirani wawili waliobaki wakamfuata wakisukumana.

Asubuhi Mkude akashika jembe. Iliki zikahamia nyuma ya nyumba, ambako ukuta unazikinga jua la mchana. Palipoungua pakawa matuta ya nyanya na bamia, na vuli ikayakuta tayari. Matawi yaliyosalia wakayajengea chanja, wakapandisha pasheni juu yake. Masika ilipofika, vigoda vilikuwa vimerudi. Mche wa mfenesi haukung'olewa. Uliachwa ukue kwa wakati wake, kwa ajili ya watakaouhitaji. Kanga nazo zilirudi kwa mwenyewe, zimepauka, na hilo Mkude anasimangwa nalo hadi leo.

Msiniulize mfenesi ni nani. Kila mtu anaujua wake. Lakini wewe unayecheka kuliko wenzako, hebu inua macho: hicho kiti chako umekiweka chini ya nini?