Pimbi na Vikapu vya Mandari

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ni ya watu walioshiba au wenye njaa? Haya, sogezeni kuni, na mwenye njaa avumilie, maana ngano hii ni ya chakula mwanzo mwisho.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyeo na mashemeji kama sisi, alikuwepo Pimbi mmoja, mdogo wa umbo, mkubwa wa vyeti. Alisoma miaka minane. Alisoma lishe, akasoma takwimu, akasoma mpaka macho yakaingia ndani. Akamaliza. Kazi, hakuna. Akaenda kwa Nyuki, akaambiwa tutakuita. Akaenda kwa Mchwa, akaambiwa tutakuita. Akaenda kwa Nyumbu, akaambiwa tutakuita, halafu Nyumbu mwenyewe akahama na ofisi yake.

Sasa Bi Kiboko, mkubwa wa bwawa zima, alikuwa na ghala na hakuwa na mtunza ghala. Masika yalipokatika akatangaza mandari, hiyo ambayo vijana mnaiita pikiniki, juu ya Kilima cha Nyasi Fupi. Akamwita Pimbi.

"Wewe si msomi? Funga vikapu vya mandari. Kila mtu ale, na asinung'unike mtu. Ukiweza, ghala utalitunza wewe. Ukishindwa, yupo mtoto wa shemeji yangu."

"Yeye amesomea nini, mama?"

"Amesomea kuwa mtoto wa shemeji yangu."

Pimbi akachukua kalamu na daftari, akaenda kuuliza watu wanapenda nini.

Akamkuta Ngiri kwenye tope. "Shikamoo, mzee Ngiri. Kwenye mandari ungependa kula nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina makuu. Chochote."

"Noted," akasema Pimbi, kwa Kizungu, ili Ngiri ajue anaongea na nani.

Akamkuta Bi Kanga akijichambua manyoya. "Bi Kanga, ungependa nini?"

"Mwanangu, kinywa changu si unakiona kilivyo kidogo. Chochote."

"Noted."

Akamkuta Fisi. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Fisi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hasalimiwi kwa heshima. Mtani husemwa. Mtani akikunyang'anya tonge mdomoni unatakiwa ucheke, na ukinuna unatozwa faini ya kulisha ukoo wake wote. Ukoo wa Fisi nani ataweza kuulisha? Kwa hiyo watu hucheka.

"Mtani," akasema Fisi, "hizo karatasi ndizo mnazokula kwenu siku hizi?"

"Tunakula, na wewe hatukupi. Sema ungependa nini."

Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Niandikie chochote. Ila andika kwa herufi kubwa."

"Noted."

Hata Bi Kiboko alipoulizwa alisema chochote. Sasa nyie mnaonisikiliza mnajua. Mtu akiulizwa atakula nini anasema chochote, na anayeuliza inampasa ambembeleze mara ya pili, ambembeleze mara ya tatu, mpaka yule aone aibu kukataa na aseme kuku. Kitu hicho hakina mtihani, na msomi wetu kisicho na mtihani hakukisoma. Akaketi na daftari lake. Chochote, jumlisha chochote, jumlisha chochote, na chochote cha Bi Kiboko. Jibu likatoka: uji wa lishe. Ulezi, soya na dagaa wa kusaga, bila sukari, bila chumvi. Vibuyu sita. Pembeni mihogo ya kuchemsha. Kinywaji, maji.

"Balanced diet," akajisifia.

Akauonja. Kisha akakata maembe mabichi, akayapaka chumvi na pilipili, akayaficha kwenye mkoba wa vyeti. Ya kwake mwenyewe hayo. Hakuyaandika popote.

Siku ikafika. Wakapanda kilima. Ngiri alikuja na koti zito juani. Fisi alikuja na mfuko alioudai ni wa dawa za tumbo. Bi Kanga alifika, akaketi, na hakuinuka tena, kama anayeatamia. Bi Kiboko alijifunga vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine. Pimbi hakuona ajabu. Alikuwa anahesabu vibuyu.

Mkeka ukatandikwa, uji ukamiminwa. Wakautazama uji. Uji ukawatazama.

"Mwanangu, mimi nimeshiba," akasema Ngiri.

"Nilikula kabla ya kutoka," akasema Bi Kanga.

"Mimi daktari amenikataza," akasema Bi Kiboko, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni daktari gani.

Hakuna aliyenung'unika. Na hakuna aliyekula. Pimbi akawabembeleza, akawabembeleza, akawabembeleza, lakini kubembeleza kulikochelewa ni kelele tu. Akaona kazi inamtoka, inamwendea mtoto wa shemeji ambaye hata kwenye mandari hakuja, alikuwa amelala.

Fisi akanusa hewa. Akanyoosha mkono, akaunyakua mkoba wa Pimbi, akaumwaga mkekani. Vyeti huku, maembe kule, pilipili juu ya cheti cha takwimu.

"Mtani," akasema Fisi taratibu, "sisi utuletee uji wa wagonjwa, wewe ujifungie embe la pilipili. Kweli umesoma."

Watu wote wakamtazama. Masikio ya Pimbi yakawaka moto. Akanuna nusu, akaikumbuka faini, akacheka. Cheko lenyewe lilikuwa bovu, lakini lilitosha. Na alipokuwa anacheka, akanusa na yeye. Dawa gani ya tumbo inanukia kitunguu saumu? Akauvuta mfuko wa Fisi. Mbavu za kuchoma zikamwagika, za moto bado.

Fisi naye akalazimika kucheka, machozi yakimtoka kwa uchungu.

"Mtani," Pimbi akamwambia, "usilie peke yako. Wewe na mzee Ngiri mnaitanaje?"

"Watani," akasema Fisi. "Wa kurithi."

"Na yeye ana joto. Mvue koti."

Fisi akamvua. Viazi vitamu vya kuchoma vikabingirika, na kibuyu cha togwa kikatokea kwapani.

"Nilikuwa navipeleka kwa mgonjwa," akasema Ngiri. Wakacheka. Ikabidi acheke. Kisha akamgeukia mtani wake Bi Kanga, akamsukuma kwa pembe taratibu. Chini yake hapakuwa na yai. Palikuwa na karanga za kukaanga na kashata.

Bi Kanga akajikung'uta. Ukoo wa Kanga na ukoo wa Kiboko ni watani. Alidaka ncha ya kitenge kwa kile kinywa chake kidogo, akavuta. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu, miwa kumi na miwili na mtungi wa juisi ya ukwaju.

Bi Kiboko akawatazama mmoja mmoja. Mabega yakaanza kumtikisika, tumbo likafuata, na mkubwa wa bwawa zima akacheka mpaka akalala chali.

Wakala. Fisi alichovya ubavu kwenye pilipili ya embe, akalaani kwa furaha. Ngiri alishushia togwa. Hata uji ulipata watu, baada ya Bi Kanga kuvunjia kashata ndani.

Vyombo vilipobaki vitupu, Pimbi akasimama. "Mama, wamekula wote. Na hakuna aliyenung'unika."

"Kweli," akasema Bi Kiboko, akijipepea. "Kazi umeipata. Utaanza mambo yakikaa sawa."

"Yatakaa sawa lini?"

"We Pimbi, jua bado linawaka, mwache mtu apumzike."

"Nimepumzika miaka mitatu, mama. Naomba ufunguo."

Bi Kiboko akatafuta wa kumsaidia. Ngiri alikuwa anatafuna. Fisi alikuwa anatafuna. Bi Kanga alikuwa anautazama mkufu wenye ufunguo wa ghala shingoni kwa Bi Kiboko, na kinywa amekiweka tayari. Bi Kiboko akaona heri autoe mwenyewe.

Ufunguo ulikuwa mrefu kuliko Pimbi. Watani wakajitolea kumbebea, akakataa, anawajua. Akauuma kwa meno, akashuka nao kilima kizima, na kila aliyemsalimia njiani alijibiwa kwa kichwa tu. Msomi yule, kwa mara ya kwanza, alikuwa na kitu mdomoni na hakuwa na neno.

Hadithi yangu imeishia hapo walipoishia kula. Aliyebakiwa na karanga kwenye mfuko wa koti, nimemwona tangu mwanzo, azitoe.